Kipokezi Kisichopokea: Uhakiki wa Istilahi za Sinema ya Nyumbani

Istilahi hutungwa mezani, lakini hupimwa sokoni. Katika makala haya twakusudia kuhakiki istilahi chache za vyombo vya sauti na picha, hasa jina la kile chombo kikaacho kati ya televisheni na spika katika seti ya sinema ya nyumbani, ambacho wauzaji hukiita risiva. Mifano yetu twaitoa katika maduka ya Mwanjelwa, mjini Mbeya, na yale yaliyo jirani na soko kuu la Iringa, tulikokwenda kusikiliza jinsi muuzaji na mnunuzi wanavyoelewana.

Jambo la kwanza tulilobaini ni kwamba neno risiva tayari lina mwenyewe. Mnunuzi akilitaja bila maelezo, aghalabu huonyeshwa chombo cha dishi. Chombo cha jamii hiyo wananchi wamekwisha kukipa jina zuri zaidi. Matangazo ya analojia yalipozimwa Mbeya mwaka 2013, king'amuzi lilikuwa limeenea vinywani, na kisimbuzi likatumika kando yake katika maandishi rasmi. Kung'amua ni kutambua kilichofichika. Kusimbua ni kufumbua msimbo. Maneno yote mawili yaeleza kazi ya chombo, na ndiyo sababu hayakuhitaji mkalimani.

Mfasiri afuataye neno la kigeni hatua kwa hatua hufikia kipokezi. Hapo ndipo tunapotofautiana naye. Wageni walikiita chombo hiki hivyo kwa kuwa hapo awali kilikuwa redio na kikuza sauti katika sanduku moja. Leo kupokea mawimbi ya redio ni sehemu ndogo tu ya kazi zake. Kazi yake kuu ni kuchagua chanzo, kiwe king'amuzi, deki au kompyuta, kusimbua sauti, kuikuza na kuigawa kwa spika, na kuipeleka picha kwenye televisheni. Kipokezi, basi, ni jina aminifu kwa neno la kigeni, lakini si aminifu kwa chombo chenyewe.

Je, tukiite kikuza sauti? Jina hili lafaa kwa amplifaya, nasi twashauri lihifadhiwe kwa maana hiyo pekee. Tusije tukarudia kosa la kipaza sauti, ambalo hutumika kwa maikrofoni na kwa spika pia, hata fundi hulazimika kuuliza lipi limeharibika. Vivyo hivyo, thieta haifai kuingizwa sebuleni: hospitalini neno hilo ni chumba cha upasuaji.

Tatizo kama hilo lipo katika chaneli. Kwa mtazamaji, chaneli ni kituo cha televisheni. Akielezwa kwamba seti ina chaneli 5.1, huenda akadhani anauziwa vituo vitano. Maana yake ni njia tano za sauti kamili na moja ya besi, ile ya sabufa. Mkondo nao hautufai, kwani mwalimu wa fizikia anautumia kwa umeme. Twapendekeza njia ya sauti.

Lakini neno lenye kuwagharimu zaidi wananchi ni wati. Kasha hutangaza maelfu ya wati, ilhali idadi hiyo mara nyingi ni nguvu ya kilele, ya muda mfupi mno. Ile ambayo chombo chaweza kuihimili kwa muda mrefu huwa ndogo sana. Hizi ni dhana mbili, nazo zastahili majina mawili: nguvu ya kilele na nguvu endelevu. Pia ukinzani wa spika, upimwao kwa omu, hauna budi kutajwa. Chombo kilichotengenezewa spika za omu 8 kikifungwa spika za omu 4, hutoa mkondo mkubwa zaidi, na chaweza kupata joto hata kuungua.

Kwa chombo chenyewe twapendekeza kiratibu sauti, kutokana na kuratibu. Twakiri kwamba jina hili halitaji kukuza wala picha; hata hivyo lataja kazi iliyo kuu, wala haligongani na kichanganya sauti, yaani miksa.

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya anasa. Na afikirie halmashauri inayonunua vyombo vya ukumbi wa shule, ikaandika katika zabuni: risiva moja, wati 1,000. Mzabuni akileta king'amuzi na sabufa yenye wati 1,000 za kilele, atakuwa ametimiza kila neno la mkataba, na fedha za umma zitakuwa zimekwenda. Mpaka kiratibu sauti kitakapozoeleka, mwandishi wa zabuni na aandike jina hilo, risiva katika mabano, kisha idadi ya njia za sauti, nguvu endelevu kwa kila njia, na ukinzani wa spika.