Somo la Bwindi: Kinga ya Gorila Ianzie kwa Jirani

Kabla ya Uviko-19, hesabu ya Bwindi ilieleweka kirahisi. Katika msitu huu wa kusini magharibi mwa Uganda, kila kundi la gorila wa milimani lililozoeshwa watu hutembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa 1 tu. Mgeni wa kutoka ng'ambo alilipia kibali dola 600 za Marekani, hivyo nafasi zote zikijaa kundi moja liliingiza hadi dola 4,800 kwa siku. Katika kila kibali, dola 10 zilitengwa kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Mgeni huyohuyo alilala lojini, akamlipa kijana wa kumbebea begi, akanunua kinyago.

Wageni wachache na bei kubwa ni mpango mzuri kwa mnyama adimu. Udhaifu wake ni kwamba mapato ya hifadhi, ya kampuni za utalii na ya kijiji yote yanamtegemea mtu anayepanda ndege.

Mwishoni mwa Machi 2020 Uganda ilisitisha utalii huo. Kiafya, uamuzi ulikuwa sahihi. Gorila hupata maradhi yetu ya njia ya hewa. Mwaka 2009 nchini Rwanda, virusi vya binadamu vilikutwa katika miili ya gorila 2 waliokufa. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iliruhusu wenye vibali waahirishe safari. Hatua hiyo ilinusuru mikataba, ila haikuleta fedha mpya: kampuni ilibaki na deni la safari huku mishahara na kodi ya ofisi vikiendelea kudai.

Juni 2020, Rafiki, dume aliyeongoza kundi la Nkuringo, aliuawa kwa mkuki na jangili, ambaye baadaye alifungwa miaka 11. Si haki kuubebesha ugonjwa lawama yote ya kifo hicho. Hata hivyo, kijiji kilichopoteza kipato chake ghafla huwa na sababu zaidi za kuingia msituni kutafuta kitoweo, na mitego ya swala haichagui mnyama.

Utalii uliporejea Septemba, kinga iliimarishwa: barakoa zikawa lazima, wageni wakapimwa joto, na umbali wa kusimama ukaongezwa kutoka mita 7 hadi 10. Desemba bei ikashushwa hadi dola 400 kwa muda. Punguzo hilo halikugusa kiini cha tatizo, kwani kilichomzuia mgeni zaidi kilikuwa safari yenyewe.

Hatua iliyogusa kiini ilitoka kwa shirika la daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka. Liligawa mbegu za mazao yanayokomaa haraka kwa kaya za jirani, na tangu awali lilikuwa limeanzisha biashara ya kununua kahawa ya wakulima wa Bwindi. Kahawa husafiri hata mnywaji asiposafiri.

Hifadhi zetu zote zinazoishi kwa dola za wageni zinapaswa kufuata njia hiyo. Pia, miaka ya neema, sehemu ya kila kibali iwekwe katika mfuko usioguswa, wa kulipa askari na kusaidia vijiji mwaka ambao mgeni hatakuja. Barakoa inamkinga gorila dhidi ya virusi. Dhidi ya mkuki, kinga yake ni jirani aliyeshiba.