Ufundi wa Kukataa

Fundi wa mpingo haanzi na shoka. Anauzunguka mti kwanza, anatazama shina linavyotoka ardhini, anapandisha macho hadi kwenye matawi yenye miiba, kisha anageuza panga na kuligonga shina kwa mgongo wake: chini, usawa wa kiuno, na pale mkono unapoishia. Mti uliooza ndani huitika kwa sauti nene inayochelewa kunyamaza. Mti mzima hutoa mlio mfupi, mkavu, na fundi huupata kupitia kiganja kabla sikio halijamaliza kazi yake. Ukiwa umesimama pembeni utadhani anapoteza muda. Anagonga, anasikiliza, anaondoka. Anagonga mwingine, anaondoka.

Misitu ya miombo ya mkoa wa Lindi, kuanzia Kilwa na Liwale hadi huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, ni miongoni mwa makazi makubwa ya mpingo yaliyobaki. Mgeni anaweza kuupita bila kuutambua, maana si mti wa kujionyesha. Gome lake ni la kijivu, shina fupi limejaa mifereji, na mara nyingi mashina mawili matatu yanabanana kwenye kisiki kimoja. Hata ukiukata, unachokutana nacho kwanza ni mbao nyeupe inayoelekea manjano, isiyo na soko. Weusi uko ndani, kwenye kiini, na kikipasuliwa kibichi huwa na zambarau kwa mbali. Mita moja ya ujazo ya kiini hicho, hata kikishakauka, ina uzito unaopita tani moja. Kitupe mtoni, kitazama. Kitie kwenye msumeno, utanoa meno mpaka uchoke.

Na ni mti usiojua haraka. Miaka 70 ni kawaida kabla haujafaa kukatwa, na mingine inadai karne nzima. Kwa hiyo mpingo ulio tayari leo ulikuwa mche, au ulikuwa haujaota, wakati Waingereza walipokuja na Mradi wa Karanga mwaka 1947. Wazee wa Nachingwea wanaujua mkasa huo. Serikali ya London ilitaka mafuta ya kula, ikaamua kufyeka miombo ya Tanganyika ilime karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matingatinga, vikaletwa hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kutoka pwani hadi kwetu. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, mamilioni ya pauni yamekwisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Karanga zenyewe mama zetu waliendelea kulima kwa jembe.

Lakini nilikuwa kwenye mpingo.

Mzee mmoja wa upande wa Ruangwa, aliyefanya kazi ya kupasua mpingo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, nilimkuta amechuchumaa mbele ya rundo la vipande vya gogo. Nikamwamkia. “Marahaba, mwanangu,” akasema bila kuinua uso, “sogea kidogo, unaniwekea kivuli, sioni ufa.” Mkononi alikuwa na kitambaa kilichololowa. Anafuta uso wa kipande, anasubiri. Maji hukauka upesi juani, ila penye ufa hubaki mstari mwembamba mweusi, mwembamba kuliko unywele, kwa sababu maji yameingia ndani na hayajatoka. Hapo ndipo hukumu inapotolewa.

“Hiki vipi, mzee?”

“Kuni.”

“Na hiki?”

“Kuni.”

“Hiki je? Mbona kizuri?”

Akakigeuza, akanionyesha fundo dogo la ukubwa wa punje ya mtama karibu na ncha. “Kizuri kwa kupikia.” Halafu akachukua kingine, akakifuta, akakitazama pande zote nne, akakiweka nyuma yake bila kusema neno. Nikaelewa kwamba hicho kimepita.

Ufundi huu, kama mwanamke anavyopeta mchele, sehemu yake kubwa ni kukataa. Katika gogo lililokatwa, kinachofika kuwa kipande cha kutengenezea ala ya muziki ni chini ya sehemu moja ya kumi. Kingine chote huondoka na fundo, ufa, mbao nyeupe, shimo la katikati, au nyuzi zilizojisokota. Mtu mwenye tamaa hawezi kazi hii. Atapitisha kipande chenye dosari kwa sababu mti ulikuwa mbali na mgongo bado unauma, na kipande hicho kitavuka bahari, kitakerezwa, kitatobolewa, na siku ya kwanza ya baridi kali kitapasuka mikononi mwa mwanamuziki.

Vilivyopona hukatwa vikawa vya pembe nne, kisha ncha zake hupakwa nta. Sababu yake ni rahisi. Maji ndani ya mti husafiri kufuata nyuzi, hivyo hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni. Ncha zikikauka kabla ya tumbo, zinajikunja, tumbo linagoma, na kipande kinapasuka. Nta inaziba mlango huo ili mti upumue polepole kupitia ubavuni. Kisha hupangwa kivulini, huachwa. Vumbi la kazi hii si zuri: linawasha ngozi, wengine linawatoa vipele, na anayelivuta siku nzima bila kufunika pua atalilipia. Hilo nalo liandikwe, maana sifa za ufundi zisizotaja vipele vya fundi ni porojo.

Vipande hivyo vinakwenda kuwa nini? Vingi ni klarineti, oboe na filimbi, na vingine ni mabomba ya zumari zile za mifuko za Waskoti. Klarineti imegawanyika vipande vitano. Kidomo siku hizi ni cha mpira mgumu, ulimi wake ni wa tete, lakini vile vinne vingine, pamoja na ile kengele ya chini, kwa kawaida ni mpingo. Kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1825, inaununua mpaka leo, na huko nako kipande hupumzishwa tena kabla ya kutobolewa na baada ya kutobolewa.

Niliisikia klarineti ya namna hiyo kwa karibu nikiwa safarini London. Jiji hilo lina desturi ya matamasha ya mishumaa makanisani. Yanayojulikana zaidi ni ya St Martin-in-the-Fields, lakini nililohudhuria mimi lilikuwa kwenye kanisa dogo, watu hatukujaza hata nusu ya viti. Kwetu mshumaa maana yake umeme umekatika, na mtu akiuwasha huwa ananung'unika. Wale walikuwa wamelipa kiingilio ili taa zizimwe. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akanitazama. Baada ya dakika chache kicheko kiliisha, kwa sababu nililiona lengo: mwanga ukiwa mdogo, hakuna pa kutazama isipokuwa mikono. Mikono ya mpiga piano ilikuwa inamulikwa, uso haukuonekana. Hakuna kipaza sauti. Ukikohoa, umeingia kwenye muziki.

Walipiga sonata ya Brahms ya klarineti na piano, mojawapo ya zile mbili alizotunga mwaka 1894, mzee tayari, baada ya kusema amestaafu utunzi. Alizitunga kwa ajili ya mpiga klarineti aitwaye Richard Mühlfeld. Kuna jambo hapa linalotupunguzia majivuno sisi watu wa kusini: klarineti ya Mühlfeld haikuwa ya mpingo. Ilikuwa ya mti mwingine wa Ulaya, laini zaidi, wa rangi ya manjano, ambao ndio uliotumika tangu enzi za Mozart. Mpingo uliuondoa mti huo taratibu katika karne ya 19, kwa sababu ulivumilia mate na joto la pumzi bila kujipinda, na ulishika vizuri misumari ya vibonyezo vilivyozidi kuongezeka. Wataalamu bado wanabishana kama ni mti unaotoa sauti au ni umbo la tundu na pumzi ya mpigaji. Mimi sitaingia kwenye ubishi huo. Ninachojua ni kwamba tundu lililonyooka na kuta zake laini hudumu tu kwenye mti usiobadilika, na mti usiobadilika ni ule uliopita kwenye kitambaa cha yule mzee.

Piano yenyewe ilikuwa ya zamani, vibonyezo vyake vyeupe vimepiga manjano. Hapo mawazo yangu yalipotoka kwa Brahms. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilikwenda Marekani, jimbo la Connecticut, kwenye miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton. Huko zilikatwa vipande vyembamba, zikaanikwa kwenye nyumba za vioo ili jua lizichujue, kisha zikabandikwa kwenye vibonyezo vya piano. Nyingi zilitoka bara kwa miguu, na misafara ya kusini ilishukia Kilwa, Lindi na Mikindani, pamoja na watumwa. Kwa hiyo kusini ilikuwa imeshafika kwenye sebule za Ulaya na Marekani kabla ya mpingo, ikapigwa kwa vidole, bila mtu kuuliza.

Siwezi kuiweka pembe kwenye sahani moja na mpingo. Pembe kwetu haikuacha ufundi wowote, iliacha bunduki na mabega yaliyochunika. Na ndovu hachipui tena kwenye kisiki. Pori la Selous, jirani yetu, lilikuwa na ndovu zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Mpingo ukikatwa vizuri huchipua upya kutoka kwenye mizizi, moto wa nyika huuvumilia, na kwa kuwa ni wa jamii ya kunde huirutubisha ardhi iliyouzaa. Unachohitaji ni mkataji mwenye subira na kijiji chenye haki ya kusema huu ukatwe, huu usubiri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwezesha vijiji kumiliki misitu yao, na mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, vikisaidiwa na shirika la MCDI, vilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu. Kwa mara ya kwanza fedha za gogo zilianza kubaki pale gogo lilipoota. Hapo kabla, kijiji kilibaki na visiki.

Nirudi kwenye kuni za yule mzee, maana si zote huishia jikoni. Vipande vilivyosokotwa, vyenye mafundo na matundu, ndivyo wachongaji wa Kimakonde wanavyovipenda. Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa mashetani jijini Dar es Salaam miaka ya 1950, na waliomfuata, waliufanya upotovu wa mti kuwa mwongozo. Msokoto unakuwa shingo, tundu linakuwa jicho au mdomo. Mpasuaji wa mpingo wa muziki na mchongaji wa vinyago wanakaa mbele ya gogo lilelile na kutoa hukumu mbili zinazopingana, na wote wawili wako sahihi. Nilimwuliza mzee kama huwa anawapa wachongaji. “Wanakuja wenyewe,” akasema. “Wanachagua nilivyotupa. Na wao wanatupa.”

Hajawahi kusikia klarineti ikipigwa peke yake, ana kwa ana. Ameisikia kwenye bendi ya Polisi, sherehe za kitaifa, redioni, imefunikwa na matarumbeta na ngoma. Nilipomwonyesha kwenye simu video ya kijana akiipiga, alisikiliza hadi mwisho, akarudisha simu, akauliza kama yule kijana huwa anaipaka mafuta. Nikamwambia huwa wanapaka. Akasema vizuri, ila asipake mengi.

Jambo hili, la mzee kutoisikia klarineti ikipigwa peke yake mbele yake, linaweza kurekebishwa bila semina, kwa tamasha moja hapa kwetu. Bendi zetu za Polisi na za Jeshi zina wapigaji wa klarineti waliosoma noti. Unguja kuna chuo cha muziki kinachofundisha piano tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa. Piano halisi itatusumbua, barabara haitaihurumia, basi tuazime kinanda cha kanisani. Ukumbi wa shule unatosha, siku yoyote ya kiangazi, watu wakiwa na nafasi. Mishumaa tunayo. Klarineti inaingia kwenye begi dogo, na mabasi ya kusini huondoka Dar alfajiri.