Jiwe Jeupe na Uso wa Mtu: Kupima Nuru Matembezini

Aghalabu mtu atembeaye kila siku na kamera katika vilima vya Kisii na Nyamira hudhani kwamba kazi yake ni kutafuta mandhari mpya, ilhali njia moja, ikirudiwa alfajiri baada ya alfajiri, ndiyo imfunzayo kupima nuru. Na ushahidi wangu ni picha moja niliyoipata Tabaka, penye machimbo ya jiwe la sabuni, baada ya kuiharibu mara kadhaa.

Sharti la kwanza ni saa ya kutoka. Nchi hii iko kusini kidogo ya Ikweta, hata jua la adhuhuri husimama karibu na utosi na kuyafunika macho ya watu kwa kivuli cha paji la uso. Na alasiri, mara nyingi, mawingu hujikusanya na mvua ikashuka. Kwa hiyo mimi hutoka saa 12 na nusu, jua lichomozapo, nikarejea kabla ya saa 3, wakati nuru ingali inakuja kwa ubavu na kudhihirisha kila alama ya kisu juu ya jiwe.

Sharti la pili ni kutoisadiki kamera pasipo kuihoji. Kipimanuru chake hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa cha kijivu, chenye kurudisha takriban sehemu 18 katika 100 za nuru. Basi kikikabiliwa na rundo la mawe meupe, au na ukungu uliotanda juu ya michai ya Nyamira, hudhani kwamba nuru imezidi, kikaipunguza, na weupe ukatoka rangi ya majivu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja aliyeketi juu ya gunia, vumbi jeupe limemjaa miguuni, akisugua kiboko mdogo wa jiwe kwa msasa ndani ya beseni la maji: katika picha zangu za awali, uso wake ulikuwa doa jeusi lisilo na macho.

Siku niliyofaulu, nilinyosha kiganja changu katika nuru ile ile iliyomwangukia yeye, nikakipima hicho badala ya mawe. Kwa ISO 100 na tundu la lenzi la f/8, kamera ilinipa kasi ya 1/500 ya sekunde. Na kwa kuwa kiganja hung'aa kuliko kijivu kwa takriban hatua moja, nikaishusha kasi hadi 1/250, yaani nuru ikaongezeka maradufu. Jiwe likabaki jeupe, na usoni pake yakaonekana macho, makunyanzi, na tone la maji shavuni.

Basi, ndugu msomaji, ukitoka na kamera yako, msalimu mwenye mahali kwa "Bwakire", salamu ya asubuhi ya Kikisii, umwombe idhini, kisha upime kwa ajili ya uso wake kabla ya kupima kwa ajili ya mandhari. Kwani mlima utaukuta kesho, na haki ya mtu yule ni kuonekana leo jinsi alivyo.