Kuigiza Historia Darasani: Faida na Mipaka ya Miwani ya Uhalisia Pepe

Miongoni mwa vyombo vinavyosifiwa siku hizi katika ufundishaji wa historia ni miwani ya uhalisia pepe, ambayo humzungushia mwanafunzi picha na sauti hata akajiona yumo ndani ya tukio la zamani, akishika nafasi ya mmoja wa wahusika. Wanaoisifu husema kwamba mwanafunzi «ataiishi» historia. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuipima kauli hiyo. Hoja yetu ni kwamba igizo la historia hufundisha linapomweka mwanafunzi mbele ya uamuzi uliowakabili watu wa wakati ule, kwa habari chache walizokuwa nazo. Hupotosha linapomwahidi kuwa atayaonja mateso yao.

Maigizo ya namna hii yaliingia darasani kabla ya miwani. Mwaka 1971, mjini Minneapolis, Marekani, vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu walitunga mchezo wa kompyuta uitwao The Oregon Trail kwa ajili ya somo la historia. Mwanafunzi aliongoza msafara wa walowezi kwenda magharibi, akiamua agawe vipi fedha zake kati ya ng'ombe, chakula na risasi. Ugumu wa safari ulieleweka. Wenyeji wenye ardhi iliyopitwa walibaki pembeni mwa hadithi. Mwaka 1992 shirika la MECC, lililousambaza mchezo huo, lilitoa mwingine, Freedom!, ambamo mwanafunzi alikuwa mtumwa anayetoroka kuelekea kaskazini. Wazazi walilalamika, na mwaka 1993 mchezo ukaondolewa. Sababu si ngumu kuiona. Katika mchezo, anayekamatwa huanza upya. Na darasani, mtoto ambaye mababu zake waliuzwa haigizi jambo lile lile analoliigiza jirani yake wa dawati.

Kazi iliyokomaa zaidi ni I Am A Man ya Derek Ham, iliyotolewa mwaka 2018, inayohusu mgomo wa wazoa taka wa Memphis. Wafanyakazi wapatao 1,300 waligoma tarehe 12 Februari 1968, baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka. Mgomo ulidumu zaidi ya miezi miwili, na katikati yake, tarehe 4 Aprili, Martin Luther King aliuawa. Sifa ya kazi hii ni kwamba imetumia picha, filamu na sauti za wakati ule. Mtazamaji anakutana na ushahidi wenyewe. Lakini miwani huvaliwa kwa dakika chache tu. Haiwezi kubeba wiki za mishahara iliyokosekana, wala mabishano ya usiku nyumbani kati ya mume na mke kuhusu kurudi kazini. Mtazamaji anajua pia kwamba atavua miwani salama, na tena anajua mwisho wa kisa; wagomaji hawakuujua.

Jambo hili latuhusu sisi wa Lubumbashi kwa karibu. Desemba 1941, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, maisha yakiwa yamepanda bei kwa sababu ya vita. Katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari waliwapiga risasi, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akauawa. Idadi ya waliokufa yabishaniwa hadi leo. Tukio hilo lilichorwa na Tshibumba Kanda Matulu katika miaka ya 1970, yeye aliyechora historia ya nchi na kuieleza kwa Kiswahili chetu. Je, tuwavike wanafunzi miwani na kuwasimamisha uwanjani, risasi zikilia? Na nani ataigiza askari? Katika darasa moja la mji huu huweza kukaa mjukuu wa mgomaji na mjukuu wa askari. Igizo la risasi litawagawa, au, jambo baya zaidi, litawaburudisha.

Tungependekeza igizo la siku iliyotangulia. Wanafunzi wapewe mishahara, bei za vyakula, maneno ya kampuni, na habari kwamba Wazungu wa migodini nao walikuwa wametoa madai yao; kisha wajadiliane: tugome au tusigome? Mwalimu asimame kabla ya risasi. Hapo uletwe mchoro wa Tshibumba, ziletwe hati za kikoloni, na waulizwe: nani anasema, alijuaje, na kwa nini hesabu hazilingani? Kwa kazi hii karatasi na Kiswahili vyatosha, hata umeme ukikatika.

Hatuikatai miwani. Ikifika, na itengenezwe na wanahistoria wetu, iwaoneshe wanafunzi mji ulivyokuwa, kambi za wafanyakazi na njia ya kwenda uwanjani. Na pale ushahidi unapokoma, picha nayo ikome. Waliokufa mwaka 1941 hawatudai tuhisi uchungu wao kwa dakika kumi. Wanatudai tujue walichoomba, walijibiwa nini, na nani alitoa amri.