Goti la Nguruwe na Goti la Mkata Miwa: Uhakiki wa Vipimo vya Uimara wa Mizizi ya Meniskasi

Goti la binadamu lina magegedu mawili yenye umbo la mwezi mchanga, yaitwayo meniskasi. Kila moja limeshikizwa juu ya mfupa wa muundi kwa mizizi miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Uzito wa mwili unapolielemea goti, meniskasi husukumwa nje, na mizizi ndiyo huizuia. Allaire na wenzake (2008), waliochunguza magoti ya maiti, walionesha kuwa kukatika kwa mzizi wa nyuma wa meniskasi ya ndani kuliongeza kilele cha mgandamizo kwa asilimia 25, sawa na kuondoa meniskasi yote.

Uimara wa mizizi hiyo, pamoja na nyuzi za kuishonea upya, hupimwa mara nyingi kwa magoti ya nguruwe na kondoo. Mfupa hufungwa kwenye mashine, gegedu huvutwa hadi linyofoke, kisha nguvu iliyohitajika huandikwa kwa niutoni. Magoti hayo hupatikana kwa urahisi machinjioni, na hufaa kulinganisha mshono mmoja na mwingine.

Kasoro huanza pale tarakimu hizo zinapotumiwa kumwamulia mgonjwa. Nguruwe wa nyama huchinjwa akiwa mchanga, ilhali mzizi wa nyuma wa binadamu huchakaa zaidi katika umri wa makamo. Mnyama wa miguu minne husimama goti likiwa limekunjika, binadamu hulinyoosha. Tena, tishu mfu haiponi. Hata tafiti zinazovuta na kulegeza mara nyingi kabla ya mvuto wa mwisho hupima siku ya kwanza ya mshono tu.

Turiani, chini ya milima ya Nguru, tofauti hizo zina gharama. Mkata miwa wa Mtibwa huinama, huchuchumaa na kuinuka mara nyingi kwa siku, na kuchuchumaa hupeleka mzigo nyuma ya meniskasi, penye mzizi ulioshonwa. Swali lake ni lini atarudi shambani. Akirudishwa mapema kwa kuaminia goti la nguruwe, mshono ukanyofoka, hupoteza goti na kibarua.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha tiba ya mifugo. Kondoo hai waliokwisha kupona wangeweza kupimwa huko. Lakini kondoo hachuchumai. Tarehe ya kurudi kazini haina budi kutokana na kuwafuatilia wakata miwa wenyewe.