Ramani ya Mchangani

Mwalimu wa darasa la tatu anayeijua kazi yake, usimtafute ubaoni tu. Mtafute uwanjani, asubuhi kabla jua halijakolea, amechutama na kijiti mkononi, watoto wamemzunguka. Anawafundisha kuchora ramani ya shule yao. Hapa Bungu, wilayani Kibiti, mchanga ni tele, na mchanga hauli chaki.

Huanza kwa kuwauliza jua limetokea upande gani. Wote hunyoosha mkono, hilo halina ubishi. Kisha huwapanga wapige hatua kutoka mlango wa darasa hadi shina la mkorosho, wakihesabu kwa sauti. Utamu uko hapa: mwenye miguu mirefu anapata hatua chache, mfupi anapata nyingi, na kelele zinazuka nani kakosea. Mwalimu mwenye pupa angewanyamazisha na kuwatajia mita. Huyu ninayemsifu anawaacha wabishane mpaka mmoja aseme basi, wapime wote kwa kamba moja. Mita ikija baadaye, inamkuta mtoto keshaona kwa nini inahitajika.

Halafu mtoto mmoja anachora duka kubwa kuliko shule nzima. Mwalimu hafuti. Anauliza, "Dukani unatumwa mara ngapi kwa siku?" Mtoto anacheka, wenzake wanacheka, na mchoro unarekebishwa na mkono uleule ulioukosea. Kazi hii inataka subira, na subira haimo kwenye azimio la kazi.

Mtaala ulioanza kutekelezwa baada ya mabadiliko ya sera ya elimu ya 2023 una somo la Jiografia na Mazingira, na vitabu vipo. Lakini kitabu huandikiwa nchi nzima. Hakiwezi kujua kwamba Bungu ni njia panda: lami ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara inapita hapa, na hapa ndipo inapochepuka barabara ya Nyamisati, kwenye bandari ya kuvukia kwenda Mafia. Abiria wa kisiwani watoto huwaona, ila hawajawahi kuulizwa habari zao. Wamebeba nini wakienda? Wanarudi na nini? Kwa maswali mawili hayo, somo la biashara limeshaanza. Msimu wa korosho nao una maswali yake: gunia likitoka shambani linapelekwa chama cha msingi, linaingia ghalani, linasubiri mnada. Baba analipwa lini? Hilo darasa zima linataka kulijua.

Kazi ngumu zaidi ni kuifundisha delta ya Mto Rufiji. Msitu wa mikoko wa Rufiji ni mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, hekta zipatazo 53,000, lakini tarakimu hiyo haimwambii chochote mtoto wa miaka tisa aliyekulia juu huku kwenye mikorosho. Mwalimu hodari huanza na boriti. Nyumba ya babu imeezekwa kwa miti gani? Ilitoka wapi? Akishapata majibu ndipo anapotaja majina: mkandaa, mchu unaochomoza mizizi yake juu ya tope ili ipumue, mlilana wa mataruma ya mashua, msikundazi wa milingoti. Kisha anawaeleza kwamba boriti za Rufiji zilipakiwa majahazini kwenda kujenga nyumba za Uarabuni, na dari ya babu inakuwa ndugu wa dari za mbali.

Historia huitolea kazi ya nyumbani. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, kwa hiyo hakuna mwanafunzi aliyevuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Muulize bibi: mlivukaje? Mlisubiri muda gani? Kesho yake majibu hayapatani, na mwalimu anayaandika yote ubaoni, kila moja na msemaji wake. Vyuo vikuu huita hiyo kazi ya mwanahistoria.

Yapo pia mambo mazito. Mafuriko ya Aprili 2024 huzungumzwa waziwazi, maana walioyaona wamo darasani. Mauaji yaliyoitikisa Kibiti hadi 2017 ni habari nyingine. Mtoto akiyataja, mwalimu mwenye busara hamkaripii wala hamchimbi. Humsikiliza, humjibu kwa kifupi, kisha baadaye humwita pembeni. Hapo ndipo ninapomvulia kofia kuliko popote, kwa kuwa hakuna semina inayomfundisha mtu kipimo cha maneno mbele ya mtoto ambaye huenda amefiwa.

Mzazi wa Bungu, mwanao akija jioni na daftari kukuuliza habari za pantoni, usimwambie akacheze. Weka simu chini umjibu. Mwalimu wake anasubiri jibu hilo kesho asubuhi.