Macho ya Mwenye Fedha

Katika miaka ya 1990, kwenye kibanda kimoja cha video hapa Katubuka, nilitazama tamthilia ya Shaka Zulu nikiwa nimebanwa kati ya wavuvi na wanafunzi wangu mwenyewe. Kanda zile za mchezo wa mwaka 1986, wenye sehemu 10, zilikuwa zimechakaa, lakini hakuna aliyetoka. Henry Cele, aliyeigiza Shaka, alipojitokeza mbele ya majeshi yake, kibanda kizima kilinyamaza. Kesho yake vijana waliozoea kusinzia katika somo la Mfecane waliniuliza maswali mpaka kengele ikalia. Chaki yangu haikuwa imepata kufanya kazi hiyo.

Kwa hiyo siwabezi wapendao michezo hii mikubwa. Mkono mtupu haulambwi. Ufalme hauonyeshwi kwa waigizaji watano na pazia. Ngao, mikuki, ng'ombe na umati wa watu vyote vyataka fedha, na mtazamaji anapoviona huamini kwamba watu wa kale walikuwa watu kweli.

Lakini fedha ina mwenyewe. Mchezo ule ulitolewa na SABC, shirika la utangazaji la Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi. Mfalme ni Mzulu, lakini tunaingia kwake kwa macho ya Henry Fynn, Mwingereza. Aghalabu mgeni huona ukali wa mwenyeji kabla ya kuiona akili yake, nasi tukaona hivyo hivyo. Siku ile kibandani sikulitambua hilo. Nilikuwa nikishangilia.

Sisi wa huku nasi tumepata sehemu yetu. Mwaka 1971 BBC ilitoa tamthilia ya sehemu 6, The Search for the Nile, juu ya Burton, Speke, Livingstone, Stanley na wenzao. Jina lenyewe latosha kusema swali lilikuwa la nani. Watu wa Ujiji hawakuwa wakitafuta chanzo cha Nile. Walikuwa na chumvi ya Uvinza ya kuuza, samaki wa kuanika, na ziwa la kuvuka kwa mitumbwi.

Wala nisijitoe lawamani. Mara ngapi nimewapeleka wanafunzi kwenye mnara wa Livingstone, nikawasimulia wageni wawili walivyokutana mwaka 1871, nisiwaulize mizigo ilibebwa na nani! Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na Burton na Speke, kisha na Stanley, nilimtaja kwa kupita tu. Hakuna BBC iliyonilazimisha.

Mwaka 2023 Afrika Kusini ilitoa Shaka iLembe, kwa Kizulu, Lemogang Tsipa akiwa Shaka na Nomzamo Mbatha akiwa Nandi, mama yake. Nayo si kazi ya fedha kidogo. Ila safari hii Wazulu hawamngoji mgeni afike ndipo hadithi yao ianze.

Natamani siku moja Ujiji nayo igharimiwe hivyo. Kamera ianzie begani mwa mpagazi, penye sugu la mzigo, kabla ya kumtafuta mwenye kofia. Hilo la kuchagua pa kuanzia halina gharama yoyote. Hata mimi, na chaki yangu, ningeliweza.